NANI ATAMWOSHA MZEE?
Historia ya Utunzaji wa Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu Katika Nchi ya Wanyakyusa, na Wajibu wa Kanisa wa Kuwaandaa Watunzaji

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali moja ambalo vyuo vyetu vya theolojia havijalipa nafasi inayostahili. Mzee anapopotewa na kumbukumbu, akasahau jina la mwanawe, njia ya kurudi nyumbani na hata namna ya kujistiri, ni nani anayemtunza? Na huyo anayemtunza, ameandaliwa na nani? Tutalitazama swali hili kwa njia ya historia, tukichukua mfano wa Makwale na vijiji vya jirani katika wilaya ya Kyela, kwenye tambarare ya mpunga na kakao iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Tunaamini kwamba yaliyotokea huko yana mafundisho kwa sharika zetu mahali pengi.

Yafaa tuseme wazi tangu mwanzo kwa nini swali hili linatugusa. Yapata miaka 15 iliyopita, tulipokuwa tungali kijana katika utumishi, tuliitwa katika nyumba moja ya pande hizo kumwombea bibi mmoja mjane. Ilisemekana kwamba usiku huamka, huchukua jembe na kwenda kulima katika mashamba ya watu, akidai kuwa ni ya baba yake. Mchana aliwatuhumu majirani kwamba wamemwibia sufuria. Majirani walianza kunong'ona: mwanamke mzee anayetembea usiku, atakuwa anafanya nini? Jamaa zake waliogopa, wakatuita. Kwa jioni tatu, sisi pamoja na wazee wa kanisa tulisimama juu yake, tukakemea pepo kwa sauti kuu. Bibi yule alilia kama mtoto, kwa kuwa hakujua sisi ni akina nani wala kwa nini tunampigia kelele nyumbani mwake. Siku ya tatu, tulipokuwa tukiaga, mjukuu wake, binti aliyeacha shule ili akae naye, alituuliza kwa upole: "Baba Mchungaji, mkishaondoka, usiku nimfanyeje?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesoma Kiyunani na historia ya mitaguso, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba kuna ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu mzee kuwa vile tulivyomwona. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la binti yule, ingawa tumechelewa.

1. Wazee katika mpangilio wa kale

Kuhusu maisha ya kale ya Wanyakyusa tuna bahati ya kuwa na maandishi mengi. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa na kufanya utafiti katika nchi hiyo kati ya mwaka 1934 na 1938, na baada ya kifo cha mumewe Monica Wilson alichapisha vitabu kadhaa, cha kwanza kikiwa Good Company cha mwaka 1951. Kilichowashangaza zaidi ni vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 au 11 waliacha kulala nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji. Baadaye walioa humo humo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha akina baba kilikabidhi utawala wa nchi kwa kizazi cha wana, na wazee wakasogea kando ili kuwapisha.

Msingi wa maisha hayo ulikuwa ukwangala, yaani kufurahia ushirika wa wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza na kujifunza adabu kwa kusikilizana. Mzee wa zamani, basi, hakuzeeka peke yake. Alizeeka akiwa amezungukwa na watu aliochunga nao ng'ombe utotoni. Ikiwa alianza kurudia hadithi ile ile mara nne kwa jioni moja, waliomsikiliza walikuwa watu walioijua hadithi hiyo tangu ilipotokea, nao waliweza kumkumbusha mwisho wake. Hatuna ushahidi kwamba Wanyakyusa wa kale walikuwa na jina maalum la ugonjwa huu. Tunachoweza kusema ni kwamba mpangilio wa vijiji vyao ulimpa mzee wa namna hiyo watu wengi wa kumtazama.

Hata hivyo, mwanahistoria asiipake rangi nzuri kila nyumba ya kale. Kuna mambo matatu yanayotulazimu kuwa waangalifu.

Kwanza, kulikuwa na mwiko mkali kati ya mkamwana na baba mkwe wake. Mwanamke hakuruhusiwa kumtazama baba wa mumewe, kukutana naye njiani, wala kulitamka jina lake. Wilson anaeleza kwamba mwiko huo ulihusiana moja kwa moja na vijiji vya marika, kwa maana vijiji hivyo viliwatenganisha akina baba na wake za wana wao. Kwa hiyo mwanamke kijana, ambaye katika jamii nyingi ndiye mtunzaji wa kwanza wa wazee wa mumewe, hapa hakuweza hata kumkaribia baba mkwe, sembuse kumwosha.

Pili, viongozi wakuu wa kiibada hawakuruhusiwa kuchakaa. Kwa mujibu wa akina Wilson, Lwembe wa Lubaga, na vilevile Kyungu wa Wangonde ng'ambo ya mto Songwe, alipougua sana wakuu wake walimziba pumzi kabla hajafa mwenyewe, kwa sababu afya ya mtawala ilihesabiwa kuwa ndiyo afya ya nchi. Desturi hiyo iliwahusu watawala wachache, lakini inatuonyesha kwamba hata zamani udhaifu wa mzee uliweza kutazamwa kama hatari kwa wote.

Tatu, kulikuwa na hofu ya uchawi. Aliyetuhumiwa mara nyingi alilazimika kukiacha kijiji chake na kutafuta kingine. Mtu ambaye akili yake imeanza kumwacha, anayesema maneno yasiyoeleweka na kutembea wakati watu wamelala, ni rahisi kutuhumiwa na ni vigumu kujitetea.

2. Ujio wa misheni, na kile kilichosahauliwa

Mwaka 1891 wamisionari wa makundi mawili walifika katika nchi hii karibu wakati mmoja. Wa Moraviani walianza Rungwe, na wale wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza Wangemannshöhe, kisha wakaendelea Manow, Mwakaleli na Ikombe ukingoni mwa ziwa. Walikubaliana kugawana nchi, Moraviani upande wa magharibi na Berlin upande wa mashariki. Walileta Neno, shule na dawa. Kutokana na mbegu hiyo ya Berlin, leo Kanisa letu lina hospitali za Matema na Itete katika eneo la Dayosisi ya Konde.

Pamoja na hayo, misheni ilibadilisha nyumba ya Mnyakyusa. Ilikataza ndoa ya wake wengi na kurithi wajane. Hatusemi kwamba ilikosea, kwa kuwa mjane si mali ya kurithiwa. Lakini desturi ya kurithi, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa imemwekea mjane mtu mmoja aliyewajibika kwake kwa jina. Kanisa lilipoiondoa desturi hiyo lilipaswa kuweka kitu mahali pake. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaonyesha namna Kanisa la kwanza lilivyofanya: wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuridhika kuwahimiza watu wawe na upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wakatajwa kwa majina, wakawekewa mikono. Katika sharika zetu nyingi hatua hiyo haikuchukuliwa kwa ajili ya wajane wazee. Tuliwaachia jamaa zao, tukidhani kwamba jamaa haibadiliki.

Mfano wa kufanya vinginevyo haukuwa mbali. Katika milima ya Usambara, mwaka 1896, Waprotestanti wa Ujerumani walianzisha kituo cha Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo hicho kiligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, cha kwanza cha aina hiyo katika Afrika Mashariki, miaka mingi kabla serikali ya Kiingereza haijaanzisha hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Waliokitumikia walikuwa mashemasi kutoka Bethel, karibu na Bielefeld, ambako kazi ilianza mwaka 1867 kwa kuwatunza wenye kifafa, na ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza tangu 1872. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Bethel haikutegemea huruma peke yake. Nyumba ya mashemasi wa kike, Sarepta, ilianza mwaka 1869, na ya mashemasi wa kiume, Nazareth, mwaka 1877. Watu hao walifundishwa kumwosha mgonjwa, kumlisha, kukesha naye na kufanya kazi pamoja naye. Hadi leo huko Lutindi wagonjwa hushiriki kazi za shamba na za mikono kama sehemu ya tiba.

Theolojia iliyo nyuma ya kazi hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwanamatengenezo wetu mwenyewe, Martin Luther, katika mazungumzo yake ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi wake, alimsema mtoto mmoja wa Dessau mwenye ulemavu mkubwa kuwa ni pande la nyama lisilo na roho, kazi ya Ibilisi, akashauri azamishwe mtoni. Twapaswa kuikubali habari hiyo kwa huzuni. Luther huyo huyo, akiifafanua amri ya nne katika Katekisimo Kubwa, alifundisha kwamba wazazi waheshimiwe hata wakiwa maskini, dhaifu na wenye tabia za ajabu, kwa sababu heshima yao yatoka kwa Mungu aliyewaweka wala haitoki katika uwezo wao. Kanisa la Kilutheri limerithi maneno yote mawili, nalo hulazimika kuchagua. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipokuwa ikiwaua kwa siri wagonjwa wa akili na walemavu, ambao idadi yao ilipita 70,000 kufikia Agosti 1941, mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga akaupeleka serikalini, na Bodelschwingh mwana, aliyeongoza Bethel wakati huo, alikataa kutoa taarifa za wagonjwa wake zilizotakiwa ili wachaguliwe wa kufa. Kwao, mtu aliyepotewa na akili alibaki kuwa mtu aliyebatizwa.

3. Jinsi mikono ilivyopungua

Tukirudi Kyela, yatupasa tueleze jinsi vijiji vya marika vilivyotoweka. Katika miaka ya 1930, wanaume wengi wa Kinyakyusa walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Baadaye walivuka mipaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Afrika Kusini. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba uhaba wa ardhi na kilimo cha mazao ya biashara vilikuwa vimekwisha kuvivunja vijiji vya marika, kwa maana mtu aliyepanda kahawa, au aliyekuwa na shamba zuri la mpunga, hakutaka tena kulihama. Kila mmoja akabaki katika shamba lake na mkewe na watoto wake. Baba mkwe na mkamwana wakajikuta katika boma moja.

Kisha likaja janga la UKIMWI, lililoupiga vibaya mkoa wa Mbeya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lilichukua hasa watu wa umri wa kati, yaani kizazi ambacho kingewatunza wazee. Mabibi wengi waliwalea wajukuu wao. Sasa mabibi hao wamezeeka, na wajukuu wale wale ndio wanaotakiwa kuwalea, mara nyingi wakiwa peke yao, huku ndugu zao wengine wako Mbeya au Dar es Salaam wakituma fedha kidogo kwa simu.

Hivi ndivyo mzigo uliobebwa na rika zima ulivyoshuka hadi kumfikia mkamwana mmoja au binti mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama kutoka mbali huona ni mwepesi.

4. Ugonjwa wenyewe

Mwezi Novemba 1906, katika mkutano wa madaktari huko Tübingen, Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke mmoja, Auguste Deter, aliyepokelewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Alikuwa amesahau mambo ya kawaida, alimtuhumu mumewe pasipo sababu, na aliburuta vitu huku na huko nyumbani. Baada ya kifo chake Alzheimer alipima ubongo wake na kuona mabadiliko yaliyoonekana kwa macho kwenye hadubini. Tangu hapo imejulikana kwamba kupotewa na akili uzeeni, ambako wataalamu hukuita dimenshia, ni ugonjwa wa ubongo. Ugonjwa aliouona Alzheimer ndio unaoongoza, na wa pili ni ule utokanao na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa sababu ya shinikizo la damu na kiharusi. Dalili zilizomfikisha Auguste hospitalini hazikupishana sana na zile zilizomfanya bibi wa Kyela aombewe pepo.

Wako wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika nchini mwetu unawakanusha. Mwaka 2010, katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipimwa vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huu, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Kwa maneno mengine, katika kila wazee 16 wa umri huo, mmoja ameupata. Utafiti mwingine uliofanyika huko huko Hai uligundua kwamba watu wengi huuona kuwa ni sehemu ya uzee tu, kwa hiyo hawampeleki mgonjwa hospitali.

Idadi ya wagonjwa itaongezeka kwa sababu wazee wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na ile ya 2022 karibu milioni 3.5. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba duniani wako wagonjwa zaidi ya milioni 55, na kwamba watafika milioni 139 ifikapo mwaka 2050, walio wengi wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini ni kosa kusema kwamba hakuna la kufanya. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, kupungua kwa usikivu, upweke na elimu ndogo ya utotoni, ambayo yakizuiwa kwa watu wote yangeweza kupunguza au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya wagonjwa. Zaidi ya hayo, mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au madhara ya dawa. Huyo akiwahi kutibiwa anaweza kurudiwa na akili zake. Akiachwa katika maombi ya siku saba pasipo kupimwa, anaweza kufa.

5. Mafunzo yaliyokwisha kujaribiwa

Je, watunzaji wanaweza kuandaliwa katika mazingira yetu? Historia ya karibuni inajibu kwamba inawezekana, na kwamba imekwisha kufanyika.

Mfano wa kwanza watoka Mbeya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hospitali ziliposhindwa kuwalaza wagonjwa wote wa UKIMWI, watu wa kujitolea walianzisha Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, kijulikanacho kama KIHUMBE. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa. Wakati ule nao kulikuwa na hofu, minong'ono na tuhuma za kulogwa. Kilichozipunguza, pamoja na mahubiri, ni majirani kumwona mtu mwenye afya akiingia katika nyumba ya mgonjwa, akimwosha na kutoka bila kudhurika.

Mfano wa pili watoka Hai. Huko Uingereza, Aimee Spector na wenzake walikuwa wamebuni njia ya kuuchangamsha ubongo kwa vikundi vidogo vya wagonjwa wanaokutana mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, jumla vikao 14, wakizungumza habari za utoto, chakula, nyimbo na mambo ya siku. Njia hiyo ilirekebishwa ili iwafae wazee wa vijijini, wakiwamo wasiojua kusoma, ikajaribiwa Hai kwa wagonjwa 34. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika uwezo wa kufikiri, na kupungua kwa wasiwasi na kwa tabia zinazowasumbua watunzaji. Msomaji aliyeijua nchi ya Wanyakyusa hatakosa kutambua kitu hapo. Wazee wanakaa pamoja, wanakumbushana, wanaimba na kula: hiyo si mbali na ukwangala. Wataalamu wamefika kwa njia ndefu mahali ambapo mababu zetu walikuwa wamejenga vijiji vyao.

Mfano wa tatu ni wa taifa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na makao ya wazee kuwa hatua ya mwisho. Chuo cha Ustawi wa Jamii, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimekuwa kikitoa maofisa ustawi wa jamii, lakini hao hawafiki katika kila kijiji. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5, watakaofanya kazi katika vitongoji na mitaa. Huu ni mlango mkubwa. Ikiwa wahudumu hao watafundishwa kuitambua dimenshia, pamoja na malaria, uzazi na lishe, basi kila kitongoji kitakuwa na mtu mmoja wa kumwambia binti yule afanyeje usiku.

6. Wajibu wa Kanisa

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne.

(a) Kuandaliwa kwa wachungaji. Mtaala wa huduma za kichungaji uwe na somo la magonjwa ya uzeeni. Mwanafunzi asipewe daraja la uchungaji kabla hajakaa kwa muda katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, au katika kituo kama Lutindi. Mchungaji ndiye huitwa kwanza, mara nyingi kabla ya daktari. Akifika na kutamka neno pepo, amefunga mlango wa hospitali na amefungua mlango wa tuhuma za uchawi. Nchi yetu imewaua wazee wengi, hasa wanawake, kwa tuhuma hizo, zaidi sana katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Damu ya namna hiyo inaweza kuanzia katika sala isiyo na maarifa. Hatukatai kuwaombea wagonjwa. Tunasema mgonjwa apelekwe kupimwa, na tumwombee kwa sauti isiyomtisha.

(b) Kuandaliwa kwa watunzaji katika kila usharika. Kama walivyochaguliwa wale saba, kila usharika uchague watu wachache, wanawake kwa wanaume, wawekewe mikono hadharani na wafundishwe katika hospitali za Kanisa. Tunasisitiza wanaume. Ule mwiko wa mkamwana na baba mkwe haushikwi tena kwa ukali wa zamani, lakini haya yake ingalipo, na si haya ya kudharauliwa. Mkamwana anayelazimishwa kumwosha baba mkwe huumia, na mzee ambaye amesahau yote huenda bado anaikumbuka aibu hiyo. Afike mwanamume aliyefundishwa, amwoshe. Jambo dogo kama hilo linaweza kuiokoa nyumba.

(c) Mafundisho kwa jamaa. Kuna mambo mepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuyajua. Usibishane na mgonjwa anayesema mama yake aliyekufa anamngojea. Mwulize habari za mama yake. Mweleze jambo moja kwa wakati mmoja, ukimtazama usoni. Ratiba ya siku isibadilishwe ovyo. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua mchele au kumenya maharage. Taa ndogo iwake usiku, jembe na panga vifichwe, na mlango uwekwe kengele ya kumwamsha mtunzaji. Kule Kyela, ambako mvua za masika hufurisha mashamba na mito, kengele hiyo yaweza kuokoa uhai.

(d) Pumziko la mtunzaji. Hili ndilo husahauliwa zaidi. Washirika wapangiane zamu, mmoja akae na mgonjwa siku moja kwa wiki, ili binti aende shule, mkamwana aende shambani au kanisani, au alale tu. Sadaka ya namna hii haipitii katika kapu, lakini ni sadaka.

Tukumbuke pia kwamba upendo bila posho huchoka. Bethel iliwapa mashemasi wake nyumba, chakula na heshima ya cheo. Usharika unaomtuma mtu kukesha na wagonjwa umpe angalau sabuni, glovu, nauli na fungu dogo katika bajeti yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika nchi ya Wanyakyusa mzee alitunzwa alipokuwa na watu, na alihatarika watu walipopungua au walipomwogopa. Tumeona pia kwamba kila mara Kanisa lilipofanikiwa kuwatunza walioachwa na akili zao, lilifanikiwa kwa kuwa liliwafundisha watu wenye majina, likawatuma na likawategemeza. Pale lilipotegemea jamaa peke yake, mzigo ulimwangukia aliye mdogo kuliko wote.

Bwana wetu alimwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee atanyosha mikono yake na mwingine atamfunga mshipi (Yoh. 21:18). Mwinjilisti anaeleza kwamba neno lile lilihusu kifo cha Petro. Lakini laweza pia kutukumbusha kwamba hata mtume mkuu hufika siku ambayo hawezi kujivika mwenyewe. Siku hiyo inatungojea wengi wetu, wahadhiri pamoja na wanafunzi. Imani ya Kikristo hairuhusu kusema kwamba mtu aliyemsahau Mungu kwa ugonjwa amesahauliwa na Mungu. Nabii Isaya aliwahakikishia Israeli jambo hilo kwa mfano wa mama na mtoto anyonyaye (Isa. 49:15).

Bibi yule wa Kyela alifariki miaka kadhaa baada ya zile jioni tatu. Mazishini hatukuwapo. Mjukuu wake tulikutana naye baadaye, akiwa mwanamke mzima mwenye watoto. Tulimwomba radhi. Alitusikiliza, kisha akatueleza kile alichokigundua peke yake: kwamba bibi alipoamka usiku na kutafuta jembe, alimshika mkono na kumwambia, "Bibi, leo tumekwisha kulima, tulale." Naye bibi alikubali na kulala. Binti wa miaka 14 alikuwa amejifunza, kwa kuteseka na bila mwalimu, kile ambacho sisi tulipaswa kumfundisha. Yafaa yule atakayefuata asiachwe ajifunze kwa njia hiyo hiyo.